Mwalimu Nyange Ateremka Mkarafuuni

Baada ya miaka thelathini na moja ya kusomesha, Mwalimu Nyange Kificho anastaafu tarehe 30 Juni 1960, akiwa na afya njema, sauti kali na suruali moja tu isiyochanika magotini.

Alianza kazi hapa Skuli ya Bonde kwa Mabruki mwaka 1929, kijana mwembamba aliyeamini kwamba mwalimu akiwa hodari watoto watakuja wenyewe. Ukaingia msimu wa karafuu. Watoto wote wakaenda kuchuma na wazee wao, naye akabaki kuyasomesha madawati hesabu za kugawanya. Inasemekana madawati yalisikiliza vizuri.

Hakukata tamaa, maana Mwalimu Nyange hajui kukata tamaa wala hataki kufundishwa. Alijaribu mbinu za kila namna. Aligeuza jedwali la kuzidisha likawa kasida ya kuimbwa kwa dufu. Wazee wakaipenda mno, wakaipeleka maharusini, na watoto wakabaki hawajui saba mara nane. Alijaribu kusomesha jioni, wakati wa kuchambua karafuu. Darasa zima likalala juu ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa, na mwalimu pia.

Kisha, mwaka 1957, tukaambiwa kwamba mkaguzi atakuja katikati ya mavuno, na skuli itakayokutwa na watoto chini ya nusu itafungwa. Hilo halikuwa jambo la mzaha. Skuli nyingine iko mbali, ng'ambo ya mto. Ikifungwa hii yetu, watoto wa hapa ndiyo basi tena. Sisi walimu wenzake tulishika tama. Mwalimu Nyange akaufunga ubao kamba, akaupandisha mkarafuuni kwa Bi Kazija, mwenye shamba.

Bi Kazija alikubali kwa sharti moja: mdomo usome, mikono ichume. Darasa la kwanza likakaa matawi ya chini, la nne kileleni, na kila aliyefaulu mtihani alihamia tawi la juu yake. Sisi wenzake tulisimamia kutoka chini, tukiangukiwa na chaki, karafuu, na mara moja mwanafunzi, ambaye alhamdulillahi alimwangukia mwalimu mkuu, mtu mnene.

Mkaguzi alipofika aliikuta skuli tupu. Akaelekezwa shambani, akaona nyayo zinaning'inia. Akasema hawezi kuandika kwamba yupo mtoto ambaye uso wake hajauona, akavua viatu, akapanda na tai yake shingoni. Alipofika tawi la darasa la tatu akatazama chini, akaukumbatia mti, akakataa kushuka. Bi Kazija akampigia kelele: "Bwana we, taratibu! Usinikwanyulie tawi langu!"

Basi akabaki huko mpaka alasiri, akawa mkaguzi wa kwanza kusikiliza somo letu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwatum, binti wa darasa la tatu, akampa pakacha, kwa kuwa kukaa mkarafuuni mikono mitupu ni aibu. Tulipomshusha kwa kamba ya ubao alikuwa amechuma karafuu za kutosha, na akathibitisha kwamba skuli nzima ilihudhuria, yeye mwenyewe akiwemo. Skuli haikufungwa. Siku ile Mwalimu Nyange alilia mbele yetu bila kuficha uso, nasi tukalia naye.

Tunamshukuru yeye, na tunamshukuru mkewe, Bi Time, kwa kutuazima mume misimu yote hiyo.

Mavuno sasa yamebisha hodi, na mwalimu mkuu amenichagua mimi kulirithi darasa la Mwalimu Nyange. Mimi nikisimama juu ya kiti tu napata kizunguzungu. Nimekubali, kwa sababu watoto watakuwa kule juu, na asiyewafuata hatawasomesha.

Mwalimu Nyange, Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu na usingizi mnono, ukae barazani kwako kwa raha. Lakini Jumatatu asubuhi, tafadhali, pita kwanza shambani unisukume.