Hakuanguka Bafuni

Sogeeni karibu wanangu, wote wawili, na wewe mkubwa acha kusimama mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Vuta kiti ukae, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo si ya kugawa ovyo na sitaki kusema jambo moja mara mbili. Mlango mkiufunga au mkiuacha wazi, shauri yenu, nyumba hii haina wa kutega sikio. Nimekaa humu peke yangu miaka yote hii nikiongea na redio, tena nikiijibu, na msicheke, mtu akizoea kimya anaishia kugombana na msoma habari.

Najua kuna karatasi. Usimtolee macho dada yako. Ndiyo, yeye ndiye aliyeniambia, na alilia mpaka nikasahau kwamba mgonjwa ni mimi. Wakili wa mjomba wenu amekuletea maelezo yaliyokwisha kuandikwa, kazi yako ni kutia sahihi tu, kwamba baba yako alikuwa na kinyongo na mjomba wako kwa ajili ya kiwanja, na kwamba ulinisikia kwa masikio yako nikiapa hapa nyumbani kuwa nitamkomesha. Ukisaini, mjomba anaomba kesi yake iangaliwe upya, jina lake lisafishwe, na ninyi anawaachia kiwanja bila kukidai tena. Mkishanizika hatabaki mtu wa kusimama na kusema vingine. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si huu ugonjwa. Ugonjwa huu tunajuana, tumekutana sana kazini.

Basi nisikilizeni niwaeleze ilivyokuwa, maana mlikuwa shule za bweni na habari mliipata vipandevipande, kila mtu na chake.

Kijana alikuwa fundi baiskeli. Alikamatwa kwa tuhuma za wizi, akalala mahabusu katika kituo ambacho mkuu wake alikuwa mjomba wenu, na asubuhi akaletwa kwangu mochwari akiwa maiti, na maelezo kwamba aliteleza bafuni akapiga kichwa sakafuni. Hospitali nzima tulikuwa madaktari wawili wa kazi hiyo. Mwenzangu aliposikia maiti imetoka wapi akafiwa na bibi yake papo hapo, bibi ambaye kwa kumbukumbu zangu alikuwa akifa kila ilipokuja kesi ngumu. Nikabaki mimi. Kichwani jeraha lilikuwepo kweli, na ningeweza kuishia hapo, nikaandika, nikanawa, nikaenda kula. Lakini kijana alikuwa amevalishwa soksi mpya. Sasa niambieni, mtu amelala kwenye sakafu ya polisi, ameingia kuoga, ameteleza, na miguuni ana soksi zilizotoka dukani? Nikazivua. Nyayo zake zilikuwa ngumu, nyayo za mtu aliyetembea peku tangu utotoni, na kwa juu hazikuonyesha kitu, kwa hiyo nikachukua kisu nikapasua mguu huu na huu, na chini ya ngozi ile damu ilikuwa imevilia kutoka kisigino mpaka vidoleni. Mtu anaweza kuangukia kichwa, anaweza kuangukia mgongo, hata uso, lakini haangukii nyayo. Alipigwa, wanangu, alipigwa sana, na alipigwa angali hai, kwa sababu mwili uliokwisha kufa hauvilii damu namna ile.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama yenu. Alikuwa anakunja nguo. Akaniambia, "Baba watoto, mpe mwingine hiyo kazi." Nikamwambia mwingine amefiwa na bibi yake. Hakucheka. Akasema, "Yule ni kaka yangu, tumbo moja." Nikasema najua, na ni rafiki yangu pia, na mimi sitasema nani alipiga kwa sababu sijui, maiti haitaji majina, ninachojua ni kwamba huyu mtu hakuanguka. Akaendelea kukunja nguo, akazikunjua zile alizokwisha kuzikunja na kuanza upya.

Na hapo mnielewe vizuri. Mjomba wenu kwangu hakuwa shemeji tu. Mimi sikuwahi kuwa mtu wa watu. Kazi yangu watu waliiogopa, nikiwapa mkono waliutazama kwanza. Yeye peke yake alikuja kila Jumapili na ubao wa drafti kwapani, akakaa hapo barazani, akanilia kete zangu huku akinisimanga, "Daktari, wagonjwa wako wamekuharibu, umezoea watu wasiojibu." Nilicheka mpaka mbavu ziniume. Hata tulipogombania mpaka wa kile kiwanja tulichonunua pamoja, tukaburuzana mpaka ofisi ya ardhi, Jumapili alikuja vilevile. Ugomvi tuliuanza tena Jumatatu. Sikuwa na rafiki mwingine, wanangu. Sikuwa naye kabla yake na sijampata baada yake.

Ripoti yangu ilipowafikisha mahakamani, yeye na askari wa zamu ya usiku ule, wakili wake alikishikia bango kiwanja hichohicho. Akaniuliza, "Daktari, ni kweli una ugomvi na mshtakiwa?" Nikasema ni kweli. "Mnasalimiana?" Nikasema, "Kila Jumapili tunacheza drafti." Akaona amenipata, akauliza kwa madaha, "Na nani hushinda?" Nikasema, "Yeye." Watu wakaangua kicheko, jaji mwenyewe akainama kujifanya anaandika, na mjomba wenu kule kizimbani akacheka pia, akanitazama kama anavyonitazama nikikosea kete. Kisha mwendesha mashtaka akasimama, akaniuliza kama kwa maoni yangu ya kitaalamu marehemu alianguka. Nikasema, "Hakuanguka." Nikaeleza soksi, nikaeleza nyayo, nikaeleza kisu kilipita wapi, na kila nilipoinua macho nilimwona shemeji yangu akinitazama, kicheko kimemkauka usoni. Ningekuwa na neno lingine la kweli la kumsaidia, Mungu ananiona, ningelisema. Nililitafuta usiku na mchana, halikuwepo.

Wakafungwa, yeye na askari wa zamu. Baba wa yule fundi alinisubiri nje kwenye ngazi, mzee amevaa koti la kuazima, akaniuliza jambo moja tu, kama mwanawe aliumia sana. Nikamwambia, "Ndiyo, mzee wangu." Akanishika mkono, wala hakuutazama kwanza. Akanishukuru, na shukrani ile nilirudi nayo nyumbani nikakosa mtu wa kumwonyesha.

Maana mama yenu alikuwa anafungasha. Ninyi mliambiwa amekwenda kumsaidia wifi yake kulea watoto, na kweli alikwenda kulea, lakini mtu anayekwenda kwa muda habebi mto wake wa kulalia. Alikuwa akija siku mojamoja, anafagia, anapika chakula cha siku mbili, anakaa pale mnapokaa ninyi sasa. Siku moja nikamuuliza kama anaamini nilimsingizia kaka yake. Akasema, "Ungekuwa umemsingizia ningekukasirikia, hasira zingeisha, tungelala. Ulisema kweli, baba watoto. Sasa mimi nikasirikie nini?" Akachukua mkoba wake akaondoka. Alifia kule. Mimi niliambiwa na muuza duka hapo mtaani, akidhani najua, akinipa pole. Kwenye mazishi yake nilikaa nyuma na madereva, na mmoja wao akaniuliza kama namfahamu marehemu.

Nipe maji, binti yangu. Kidogo tu. Inatosha.

Sasa hicho kiwanja. Mjomba wenu alipokuwa gerezani hakukuwa na wa kunipinga, hati ikatoka kwa jina langu peke yangu, na mtaa mzima ukasema daktari kamfunga shemeji yake apate kiwanja. Ndiyo maana hamjaona hata tofali pale. Pameota magugu, watu wanatupa taka, na mimi napita barabara nyingine. Wewe mkubwa, najua unapataka. Najua watoto wako wanalala chumba kimoja na magunia na majirani zako wanawagongea ukuta. Kutamani kujenga si kosa, sikulaumu hata chembe. Lakini niambie, ulinisikia lini nikiapa kumkomesha mjomba wako? Ulikuwa bweni. Ukiiandika sahihi yako pale, utakuwa umesema yule kijana alianguka. Hutasema hivyo kwa mdomo, lakini ndivyo itakavyosomwa, na yule mzee wa kwenye ngazi, kama yupo hai, ataletewa habari kwamba mwanawe aliteleza kweli.

Kwa hiyo nawausia hivi, na dada yako ashike moyoni kama wewe utakuwa huniangalii. Nyumba hii ni yenu nyote wawili. Hamieni humu, watoto wapate vyumba, wapige kelele, imekosa kelele siku nyingi. Vitabu vyangu vipelekwe hospitali. Kiwanja, chote, si nusu, apewe mjomba wenu. Ndiyo, umesikia sawasawa, funga mdomo. Nataka asiwe na dai la kuwanunua nalo, na ninyi msiwe na kitu cha kuuza.

Tangu atoke gerezani nimemwita. Nimetuma watu, hakuja. Jumapili nikisikia mtu barazani bado... basi. Hakuja. Kwenye mazishi yangu atakuja, namjua, hawezi kuniacha niende bila kusema neno la mwisho. Watu wakiuliza nani azungumze juu ya marehemu, mpeni yeye kwanza, kabla ya hospitali, kabla yenu. Akisema nilimwonea, mwacheni. Akinitukana, mwacheni amalize, hakuna binadamu aliyenijua kuliko yule. Akimaliza... ngoja nivute pumzi... akimaliza, mkubwa, umshike mkono, umkabidhi hati mbele za watu. Halafu umwambie, kwa adabu, yule ni mjomba wako, umwambie, "Mjomba, hatusaini."

Semeni nisikie.

Ahsante, binti yangu. Sauti ya mama yako hiyo. Mungu akutangulie, akupe watu wa kukaa nao, nyumba yako isikaukiwe maneno.

Na wewe mkubwa. Masikio yangu nayo... njoo karibu. Mkono wako uko wapi? Nimekubariki wewe, na mkeo, na hao watoto, nimewabariki wote, hata kama hujasema. Lakini sema, mwanangu. Sijakusikia bado. Sema tu... nipo.