Mama Magome na Barua ya Chumba Namba Saba

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara mliokalia viti vyenye mito, watumishi wenzangu mliokalia vya plastiki, na wewe Mzee wetu, mume wa Daktari, uliyengoja miaka thelathini na miwili mkeo ateremke mtini: shikamooni mnaostahili, na wengine habari zenu.

Mimi ni karani wa masjala. Nimepewa dakika tano za kumuaga Daktari wetu wa wadudu, Mama Magome, na nimeonywa nisichekeshe. Sasa mtu aliyemaliza ujana wake akiwachungulia chawa wa magome ya miti, nitamuaga kwa huzuni ipi?

Nasema chawa wa magome, si chawa wa ofisini. Hao wa ofisini hatuhitaji darubini kuwaona. Hawa wake wengi hawazidi punje ya mchele, mabawa wameyalaza mgongoni kama paa la nyumba, na aina zao zinapita elfu tano. Wako kwenye magome, kwenye majani makavu, chini ya mawe, mapangoni, hata kwenye viota vya ndege. Anasema zamani sana baadhi ya jamaa zao walinogewa na joto la manyoya ya wanyama na ya ndege, wakasahau njia ya kurudi mtini, na kizazi chao ndicho kinachotuwasha vichwani. Wengine wakahamia kwenye vitabu. "Ni ukoo mmoja, mdogo wangu," aliniambia. "Hata kwetu wapo walioharibikia njiani."

Tulijuanaje? Kwa ugomvi. Siku moja nilikuta vidudu vyeupe vikitembea juu ya faili zenu, nikachukua dawa ya kupuliza. Mama Magome akaingia mbio, akapanua mikono mbele ya rafu. "Weka kopo chini! Hawakufuata faili, wamefuata ukungu. Ukuta wako unavuja." Nikamcheka. Ukuta mkavu, rangi mpya! Akaugonga, akausikiliza, akaagiza nyundo. Ndugu zangu, nyuma ya plasta bomba lilikuwa linavuja taratibu, na mwezi mmoja zaidi faili zenu, na vyeti vyenu vyote, zingekuwa uji. Nani kati yenu aliwahi kuwashukuru wale wadudu?

Sasa nifike panaponiuma. Kazi yake yote imo chumba namba saba: chupa elfu nne, kila moja na mdudu wake, na kikaratasi alichoandika kwa mkono wake kutaja mti alikomtoa. Wiki tatu zilizopita ililetwa masjala barua ya kuamuru chupa zile zimwagwe kesho, chumba kiwe stoo ya viti. Ilibaki saini ya Mheshimiwa tu. Mheshimiwa, umeniuliza mara nne barua iko wapi. Kwa masikitiko makubwa, imeliwa na chawa wa vitabu.

Ndiyo, Daktari? Nimekusikia, kaa tafadhali. Kwa mlio nyuma, mstaafu wetu anasema huo ni uongo: chawa wa vitabu hawamalizi barua nzima kwa wiki tatu, wao hula ukungu na gundi tu.

Jamani! Mimi namtetea yeye, yeye anawatetea wadudu! Yuko radhi chumba kiende, ilimradi wasisingiziwe.

Haya. Barua hii hapa, ilikuwa mfukoni mwangu, na adhabu nitaipokea. Kalamu hii hapa pia. Ila kama ni kusaini, Mheshimiwa, saini hapa hapa, akikutazama.

Tunasubiri.

Mheshimiwa anasema kalamu haiandiki. Kalamu ambayo nimeandikia hotuba hii yote asubuhi! Daktari, mbona sasa husimami kusahihisha? Unajifuta macho tu. Basi na mimi nasema kalamu ni mbovu, na masjala haipokei barua isiyo na saini.

Mama Magome, nenda kapumzike. Ufunguo wa namba saba ninao mimi, na njoo siku yoyote. Nanyi wote, asanteni kwa kunisikiliza, hata pale nilipowadanganya.