Revocatus Mayala na Mashine ya Karatasi za Matundu

Wazee wetu, shikamooni, Baba Padre, viongozi wa kijiji, majirani, na ninyi mliovuka kwa kivuko asubuhi ya leo kutoka Mwanza mkaja hapa Kamanga, familia inawashukuru kwa kufika, na inawaomba muisikilize historia hii mpaka mwisho, kwa sababu sehemu yake ya katikati ndiyo marehemu mwenyewe aliyosema isirukwe.

Revocatus Mayala alizaliwa hapa hapa kijijini tarehe 9 Machi 1950, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Mayala Nkwabi na mama Kashindye, wakulima wa pamba na mihogo, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo huo. Alianza shule mwaka 1958 na kumaliza darasa la nane mwaka 1965, akatamani kuendelea lakini nafasi zilikuwa chache na ng'ombe wa nyumbani walikuwa wengi, hivyo akachunga miaka miwili, kisha akavuka maji kwenda kutafuta kazi mjini.

Tarehe 1 Februari 1968 aliajiriwa kuwa tarishi katika shirika moja la umma mjini Mwanza, na kwa kuwa alipenda kukaa karibu na mashine kuliko karibu na chai, mwaka 1979 alipelekwa Dar es Salaam kusomea kazi za chumba cha kompyuta, akarudi na cheti ambacho mama yake alikitundika ukutani pembeni ya msalaba. Tarehe 23 Agosti 1975 alifunga ndoa takatifu na Teodora, na Mungu akawajalia watoto watatu, Masalu aliyezaliwa mwaka 1977, Kija mwaka 1980, na Mhoja mwaka 1983, ambaye mwaka jana aliishia kidato cha pili ili amsaidie mama yake kumuuguza baba.

Mwaka 1992 shirika lilipunguza wafanyakazi na marehemu akawa mmoja wao, akakaa nyumbani Kitangiri, huko huko mjini, zaidi ya miezi kumi akivunja kokoto kwenye mawe ya nyuma ya nyumba, hadi tarehe 3 Mei 1993 alipopata kazi katika kampuni binafsi pale Nyamagana, ambayo ilikuwa imenunua mashine kubwa ya kuchapa iliyokwisha kutumika Ulaya, ili ichape ankara na hati za mishahara za ofisi nyingine.

Mashine hiyo, kwa ambao hamkuiona, haikula karatasi moja moja, ilikula karatasi moja ndefu iliyokunjwakunjwa ndani ya boksi, yenye matundu kando zote mbili, na mikanda miwili yenye meno iliyashika matundu hayo na kuivuta karatasi bila kukoma, ikapita penye wino wa unga, kisha ikapita chini ya rola la moto lililouyeyusha unga huo ukashika. Mashine ikisimama, au mtu akifungua kifuniko, swichi ndogo ililiambia rola linyanyuke, ili lisiunguze karatasi wala mtu, na kila iliposimama hivyo, kipande kirefu cha karatasi kilichokuwa njiani kati ya wino na moto kiliharibika, kikachanwa na kutupwa.

Karatasi hizo zilitoka nje ya nchi na meneja alizilalamikia kila asubuhi, ndipo Revocatus akabuni njia yake. Alikunja kipande cha boksi akakipachika kwenye swichi, mashine ikaamini kwamba kifuniko kimefungwa, naye akaweza kuirudisha karatasi nyuma kwa mkono, akayavisha matundu kwenye meno huku mikanda inatembea, na hakikupotea kitu. Meneja alimsifu mbele ya wote na kumruhusu kuchukua karatasi zilizosalia, na watoto wake watatu walifanyia hesabu kwenye karatasi hizo, wakachezea na vile vipande vyembamba vya kando vyenye matundu, wakavifanya mapambo ya Krismasi, bila kujua vilipatikanaje.

Mwaka 1994 aliletewa msaidizi, Hellen Akelo, binti wa Mara kutoka pwani ya ziwa upande wa Shirati, mcheshi, mwepesi wa kujifunza, aliyezoea kumtania, "Baba Masalu, hii mashine umeajiriwa nayo au umeioa?" naye akimjibu, "Nimeioa, wewe ni wifi yake, mheshimu." Alimfundisha kila kitu, na alimfundisha pia ile njia ya kipande cha boksi, na siku ya kwanza Hellen alipouliza, "Na rola likinishika?" alicheka akamwambia, "Mimi limenishika? Wewe usiwe mwoga."

Jumatano ya tarehe 12 Aprili 1995, siku chache kabla ya Pasaka, kazi zilikuwa zimejaa na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na boksi lililowekwa karibu na dirisha lilikuwa limevuta unyevu, jambo ambalo Revocatus aliliona akalipuuza. Karatasi yenye unyevu matundu yake ni laini, meno yaliyachana upande mmoja, karatasi ikaenda mshazari, Hellen akapeleka mkono wa kulia kuinyoosha kama alivyofundishwa, karatasi ikauchukua mkono pamoja nayo, na rola halikunyanyuka, kwa sababu swichi ilikuwa imezibwa. Revocatus ndiye aliyezima umeme na kumtoa. Lakini kabla ya watu kuingia alichomoa kile kipande cha boksi akakitia mfukoni, na meneja alipouliza imekuwaje, alisema, "Alifungua mwenyewe akaingiza mkono kabla rola halijanyanyuka, mimi nilikuwa nageuza boksi."

Kwa maneno hayo Hellen alihesabiwa kuwa mzembe, akaachishwa kazi bila fidia wala barua ya kumsifia, na kila ofisi ya mjini aliyokwenda kuomba kazi ilikuwa imekwisha kusikia habari za yule binti asiyesikia maelekezo. Marehemu aliendelea na kazi, akapandishwa cheo mwaka 1996, na swichi hakuiziba tena. Karatasi zilizopotea zikawa nyingi, meneja akamnung'unikia, naye akaendelea kuzichana na kuzitupa.

Ndugu waombolezaji, wengi mnajua kwamba marehemu aliacha kula dagaa, nasi nyumbani tulidhani zinamsumbua tumbo. Ukweli ni kwamba mwaka 1997 mkewe Teodora alirudi kutoka mwalo wa Kirumba, pale mitumbwi inaposhusha samaki, akicheka, akisimulia kwamba kuna mwanamke wa Kijaluo anauza dagaa safi lakini anakupa chenji kwa mkono wa kushoto, na kwamba alimwambia, "Dada, kwenu hamkufundishwa adabu? Mtu mzima unampa kitu kwa kushoto!" na yule mwanamke akamjibu, "Nisamehe mama, wa kulia haufungi." Revocatus aliuliza anaitwa nani, akaambiwa ni Hellen, akasukuma sahani, na tangu siku hiyo hakuonja tena. Mara kadhaa alishuka hadi mwaloni akasimama mbali, akawaona wateja wakimnunia kwa ule mkono wa kushoto, akarudi nyumbani, na mkewe hakujua alikotoka.

Mwezi Novemba 1998 alianza kuvimba miguu, akapimwa na kukutwa na ugonjwa wa figo, akalazwa mara nne katika hospitali ya rufaa, na mwezi Julai mwaka huu alipoona nguvu zinaisha alimwambia mkewe yote, kisha akamwomba aende mwaloni akamwite Hellen. Teodora anasema njia ile haijawahi kuwa ndefu kama siku hiyo, kwani naye alikuwa na lake la kuomba radhi. Hellen alikuja, akaketi, akamsikiliza mgonjwa mpaka akamaliza, kisha akasema, "Baba Masalu, mimi usiniambie. Mimi nilikuwepo. Waambie wao."

Revocatus aliahidi kusimama kanisani Jumapili ya kesho, tarehe 15 Agosti, baada ya Misa, na akamwambia binti yake Mhoja, aliyeiandika historia hii, "Nisipofika, andika na hiyo. Ukiiruka hiyo, hujaniandika mimi." Hakufika. Alifariki dunia Jumatano, tarehe 11 Agosti 1999, saa kumi na moja alfajiri, na juzi usiku familia ilipokaa, mdogo wake Alexander, ambaye ndiye anayewasomea maneno haya, alikataa akisema marehemu hasemwi vibaya mbele ya jeneza lake, na Teodora akamjibu, "Shemeji, hatumsemi. Anasema mwenyewe."

Basi amesema. Hellen Akelo hakuwa mzembe, alifanya alivyofundishwa, na aliyemfundisha ndiye huyu tunayemzika. Nasi tuliokula mshahara ule na kusoma kwa karatasi zile hatuwezi kujitoa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya rufaa, majirani wa Kitangiri waliokesha nasi, wanajumuiya, wafanyakazi wenzake wa zamani na wa sasa mliokuja, na tunawaomba ninyi wafanyakazi, mkirudi Nyamagana, mkalirudishe jina la Hellen pale mlipolisikia likichafuliwa.

Dada Hellen yupo hapa, ameketi na akina mama. Tulimwomba atupe udongo kaburini mara baada ya watoto, akakubali, hakusema kama amesamehe, nasi hatukumuuliza. Atautupa kwa mkono wa kushoto, na tunawaomba wazee wetu na wageni wote, asionekane hana adabu, mjue ni nani aliyemnyima wa kulia.

Pumzika, Revocatus. Ulilotuachia tumelisema.