Patrobas Luseno, Aliyepimwa Presha kwa Mkono wa Jirani

Patrobas Luseno alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968 karibu na Chavakali, Vihiga, kifungua mimba wa Mzee Elphas Kidiavai na Mama Rasoa. Alizaliwa mkubwa hata mkunga akapiga kelele, na tangu siku hiyo ukoo ukaamua kwamba huyu ni chuma. Aliyeanza kumwita hivyo hatatajwa, kwa kuwa ameketi mstari wa mbele na amevaa suti mpya. Chuma hakiulizwi kama kimelala au kimekula. Kinabebeshwa tu. Dada yake Muhonja, anayewasomea wasifu huu wa marehemu, naye alimbebesha, na hajitoi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1986. Alikuwa hodari wa hesabu. Siku moja alianguka kutoka kwenye mpera, akavunjika mkono wa kushoto, akakaa nao siku tatu kimya kwa sababu Alhamisi kulikuwa na mtihani. Mwalimu mkuu akamsimamisha kwenye paredi na kumsifu kwa uvumilivu. Mkono ulipona ukiwa umepinda, na sifa zile zikamharibu kabisa. Laiti mwalimu yule angemchapa.

Mwaka 1988 alikuja Nairobi, akaishi kwa mjomba wake Mathare na kupata kibarua katika kiwanda cha plastiki. Mwaka 1996 aliajiriwa rasmi kuwa fundi wa mashine. Mwaka 2004 alihamia mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, ambako maji hupanda ngazi begani mwa mwenyewe. Mawazo yalikuwa mengi, kama ya kila mtu, na dawa yake ilikuwa moja: kuongeza shifti. Msimamizi akimtukana, shifti. Simu ya nyumbani ikilia kwamba paa linavuja, shifti. Siku ya kupumzika alikaa kwenye kochi na chai ya vijiko vitano vya sukari, akinyunyiza chumvi kwenye chakula ambacho hajakionja. Mkewe akimwambia atembee kidogo anyooshe mwili, alijibu, "Stress ni ya watu wa Westlands. Sisi huku tuko na kazi." Wanaume wa ploti walicheka na kumpigia makofi. Wengi wao wako hapa leo, pamoja na vitambi vyao.

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na Triza Khalayi wa Kimilili, wakajaliwa watoto wawili, Kidiavai na Lorraine. Alikuwa baba mpole. Alimpenda mkewe na kumwogopa kidogo, inavyofaa, na katika miaka thelathini na moja ya ndoa alimficha jambo moja tu.

Mwezi Mei 2016 alianguka kwenye foleni ya maji. Alipopimwa, presha ilikuwa 190 kwa 120. Alipewa vidonge na kitabu cha kliniki, arudi kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Alirudi karibu miaka mitano, na dawa zilimfaa. Mwaka 2021 akaja msimamizi mpya asiyependa ruhusa za Jumatatu. Mtu mwenye akili angemwonyesha kitabu. Chuma kikaona haya kusema kinaumwa.

Basi akampa kitabu jirani yake Mbithi, mchonga vinyago wa ghorofa ya nne, asiye na bosi, amchukulie vidonge. Lakini kliniki haitoi vidonge bila kupima, na jina la Patrobas Luseno lilipoitwa, Mbithi aliitika na kukunja shati. Mbithi ni mdogo wa marehemu kwa miaka kumi na sita. Huenda karakana kwa miguu kila siku, na presha yake ni ya mtoto wa chekechea. Mhudumu, mwenye foleni ya watu mia, alishangaa tu jinsi mgonjwa huyu alivyokaa kijana. Mwezi wa nne akapunguza dawa. Mwezi wa nane akaziondoa zote, akamsimamisha Mbithi mbele ya wagonjwa atoe ushuhuda. Mbithi, kwa kukosa la kusema, akawahubiria kuhusu chumvi.

Marehemu alipokea kitabu chake na kumwambia mkewe, "Mama Kidiavai, nimepona. Hata daktari ameandika." Alijua mkono si wake. Alijua! Na bado alizisoma namba zile akafarijika, mtu aliyekuwa wa kwanza darasani kwa hesabu. Inauma kumdharau mtu uliyempenda, lakini kwa hilo anadharaulika.

Tarehe 24 Februari 2025 alipatwa na kiharusi kiwandani, akiwa kwenye shifti ya pili mfululizo. Hospitalini daktari alisoma kitabu, akamuuliza Triza kama mumewe alikunywa kitu kibaya, maana presha yake ilikuwa nzuri miaka yote. Mbithi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda.

"Mama Kidiavai, hizo namba ni zangu," akasema. "Alinituma. Nilidhani namsaidia tu."

Triza aliwatazama wote wawili, aliyesimama na aliyelala. "Na nyinyi mlienda shule?"

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 4 Machi 2025. Walioleta maneno ya kurogwa kwa sababu ya kiwanja chake cha Njiru warudi nayo walikoyatoa. Mchawi hakuhitajika. Msalaba mtakaousimika leo umechongwa na Mbithi, na ameuchonga vizuri. Hatumchukii, ila bado hatujui la kumwambia.

Ameacha mjane, Triza Khalayi, binti, Lorraine, dada, Muhonja, na mwana, Kidiavai, dereva wa lori, miaka thelathini. Siku baba yake alipolazwa, Kidiavai naye alipimwa kwa amri ya mama yake. Presha yake ni 170 kwa 110. Alimwambia nesi, "Ni mawazo tu, sista. Mimi niko fiti." Kliniki yake ya kwanza iko Nairobi Jumatatu hii, siku ya tatu ya mazishi, ambayo kwa mila wazee wanataka mwana awe hapa nyumbani anyolewe nywele. Jana mjomba mmoja alitoa shauri kwamba mila isivunjwe, binamu atumwe akamchukulie dawa. Alisema hivyo jeneza likiwa mbele yake.

Kwa hiyo itangazwe mbele ya kanisa na ukoo kwamba Kidiavai hatanyolewa. Atapanda basi kesho, na mama yake atakaa naye kiti kimoja. Mjane kutoka boma kabla ya siku ya tatu ni mwiko. Triza anajua, na atatoka. Mungu amlaze Patrobas mahali pema, na mwanawe amcheleweshe kumfuata.