Lami ya Shemasi Cleotis

Benchi la mbele ya kinyozi, kusini mwa mji wa Youngstown, Marekani, linatazamana na kanisa la Mlima Tabori, na kila Jumamosi asubuhi wazee watatu hulikalia na kahawa zao, wakiamua mambo ambayo hakuna aliyewaomba waamue. Jumamosi hii jambo lilikuwa moja. Kesho, baada ya ibada, kanisa lingepiga kura: nusu ya maegesho ya magari ing'olewe lami na kupandwa bustani ya kufyonza maji ya mvua, au isiguswe? Aliyeleta hoja ni Mchungaji Verlene, aliyerudi chuo kikuu akiwa na miaka hamsini na tisa na kutoka na shahada ya uzamili ya mazingira. Aliyeimwaga lami hiyo, miaka thelathini na minne iliyopita, ni kaka yake, Shemasi Cleotis Barfield. Naye alikuwa ameketi katikati ya benchi.

— Ndiyo shida ya kusoma uzeeni, alianza Injini, fundi mstaafu wa treni. Kichwa kinajaa, kinatafuta pa kumwagia.

— Wee, chunga mdomo! Huyo ni dada yangu, Cleotis aliruka. Barfield wa kwanza kuvaa joho la uzamili. Wewe hata leseni ya gari uliipata mara ya nne.

— Ya tatu!

— Mimi nasema kuna mpango, alidakia Profesa, ambaye hana digrii hata moja ila ana jibu la kila kitu. Leo bustani. Mwakani vyura. Vyura wakizoea, watataka viti vya kwaya.

— Na vyura wanaleta nyoka, nyoka wanaleta dubu, Injini aliongeza. Shemasi, utamkaribisha dubu mlangoni na kumpa kitabu cha nyimbo!

Cleotis alicheka, lakini moyo haukucheka. Aliipenda lami ile. Aliikumbuka Agosti ya joto kali, akina mama wakiwaletea kambare wa kukaanga, yeye juu ya mtambo wa kushindilia akijiona mfalme. Hadi leo haina ufa.

— Kwani huyo dada yako anasemaje hasa? Profesa aliuliza.

— Masika yaliyopita alisimama mvuani na mabuti ya mpira na kijiti cha kupimia. Akayafuata maji kutoka kwenye lami yetu hadi mtaa wa chini. Yakaishia kwa Mama Eulalee.

— Yule tunayempelekea mablanketi kila nyumba yake ikijaa maji?

— Huyo huyo. Miaka ishirini tunambebea mablanketi, tunamwombea mvua ipungue. Kumbe maji tunampelekea sisi wenyewe.



— Basi kosa ni la mvua, Injini alisema, bila nguvu.

— Msafara wa mablanketi alikuwa anauongoza Verlene mwenyewe, bwana. Ananiambia alirudi shule kwa sababu alichoka kukausha zulia lile lile kwa jina la Yesu.

Cleotis alilisema hilo kwa fahari asiyoweza kuificha, kisha akakumbuka lami yake, akainama kwenye kikombe.

— Hata hivyo, watu wataegesha wapi? Profesa alifoka. Nafasi mia na ishirini zile!

Mama mmoja aliyehamia mtaa wa chini mwezi uliopita alikuwa amesimama kando na mkate wake, akisubiri basi.

— Samahanini, wazee wangu, alisema. Zilijaa lini mara ya mwisho?

— Pasaka, Injini alijibu upesi.

— Pasaka ipi?

Injini alimtazama Profesa. Profesa alitazama kahawa yake. Cleotis aliinua macho ng'ambo ya barabara. Pale kwenye lami palikuwa na gari moja tu, na Verlene akiwa na mabuti yake, akichora kwa chaki mstari wa kuyagawa maegesho nusu kwa nusu.

Basi lilikuja, likamchukua yule mama na mkate wake. 

— Injini, Cleotis alisema akisimama, ile sururu yangu uliyoazima iko wapi?

— Shemasi, kura ni kesho!

— Najua. Leo nainoa. Lami ile niliimwaga mimi, bwana. Haitawang'okea bila mimi.