Kikombe cha Tatu cha Bibi Yeshimebet

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kutunga michezo ya redio katika kituo chetu cha Sauti ya Bonde hapa Jimma, Bibi Yeshimebet Aragaw anastaafu rasmi tarehe 30 ya mwezi wetu wa Sene, akiwa na afya njema, macho mabovu na daftari lisilo na nafasi hata ya nukta. Mimi nimekuwa fundi mitambo wake kwa miaka kumi na tisa. Nimepewa ukurasa mmoja nimweleze, na ninauandika kwa hofu, maana najua atausahihisha.

Aliingia kama mpiga chapa. Siku moja mtunzi wa mchezo wa Ijumaa aliugua, naye badala ya kupiga chapa kipindi cha zamani akatunga kipya, asimwambie mtu. Mkuu wa wakati ule alikasirika siku mbili. Ya tatu akamhamishia meza ya watunzi.

Wanafunzi wakija kumuuliza hadithi anazitoa wapi, huwajibu kwamba anaiba. Na kweli anaiba, jamani! Ukigombana na mkeo kwa simu karibu yake, Ijumaa mji mzima unasikia. Dereva wetu Lemma aliwahi kumsikia redioni mume aliyemnunulia mkewe viatu visivyomtosha. Alikuja kazini amefura, si kwa kuanikwa, bali kwa sababu viatu vyake vilikuwa vyekundu na Bibi amevifanya vya kahawia.

Alichokiandika alikipima kwa kahawa. Saa nne asubuhi tulikusanyika kwa Mama Bizunesh, anayetupikia kahawa nyuma ya studio, na Bibi akatusomea: mwanzo wa kipindi kwa kikombe cha kwanza, katikati kwa cha pili, mwisho kwa cha tatu. Cha tatu ndicho chenye baraka, na hakuna mwenye adabu anayekikimbia. Kwa hiyo mtu akinyanyuka kabla yake, Bibi hakumuuliza kitu, alichana karatasi. Mimi nilinyanyuka mara mbili tu. Ya pili lilikuwa tumbo, lakini nilipopata nafasi ya kujieleza, karatasi zilikuwa vipande.

Mchezo wake mkubwa, "Mlango wa Buluu", ulidumu miaka sita. Ulimhusu mama mjane ambaye mwanawe, Tesfu, alivuka jangwa kwenda ughaibuni akanyamaza. Kila asubuhi mama yule alipanga kwenye sinia kikombe kimoja cha ziada. Watu walilia. Sisi wa nyuma ya studio tulijua kikombe kile kimetoka wapi: Habtamu, mwana wa Mama Bizunesh, aliondoka miaka saba iliyopita na hajapiga simu hadi leo, na mama yake humpangia kikombe kila siku. Bibi hakuwahi kuomba ruhusa, na Mama Bizunesh hakuwahi kulalamika.

Mwezi uliopita Bibi alileta kipindi cha mwisho. Tesfu amefia baharini, barua imefika. Alishikilia kwamba msikilizaji akidanganywa mwishoni, amedanganywa tangu mwanzo. Akasoma kikombe cha kwanza, akasoma cha pili. Mama Bizunesh, ambaye miaka yote hiyo hajawahi kuliacha buli lake la udongo, aliliweka chini, akanyanyuka, akaingia stoo na kufunga mlango. Siku ile hatukunywa cha baraka.

Bibi alizichana kurasa zote. Kesho yake alikaa kwenye kigoda mbele ya Mama Bizunesh, akamwomba radhi kwa kile kikombe, akamuuliza kama basi amrudishe kijana nyumbani. Nilikuwa pale, nimebeba nyaya zangu, nikashindwa kuondoka.

"Usimuue wala usimrudishe, mdogo wangu," Mama Bizunesh alimjibu. "Mimi niliyemzaa sijui yuko wapi. Wewe umejulia wapi?"

Siku tatu Bibi hakuandika hata mstari, nami nikaanza kutafuta muziki wa kujazia. Ya nne alinituma nikamrekodi Mama Bizunesh akipika kahawa: buni zikikaangwa, mchi ukitwanga, maji yakichemka. Hicho ndicho kipindi cha mwisho mlichokisikia. Mama yule wa mchezoni alisema maneno machache tu, kisha kahawa ikamiminwa kwenye kikombe cha ziada. Kabla hatujakirusha, Mama Bizunesh alikisikiliza chote pamoja nasi, akanywa vikombe vyote vitatu. Bibi alilia, na mimi nililia, sioni haya kusema.

Tunamshukuru kwa kutuibia vizuri miaka yote hii. Tunamwombea usingizi wa kutosha, miwani mipya na majirani wenye ugomvi.

Jana nilimkuta Mama Bizunesh akipanga sinia, na vikombe vya ziada sasa ni viwili. Cha Habtamu bado kinamngoja. Cha pili ni chako, Bibi Yeshimebet, na kwa kuwa wewe tunajua unakoishi, Mama anasema kisipoe. Saa nne, kama kawaida.