Nani Ataangalia Pazia la Reli?

Benchi liko mbele ya duka la kufulia nguo la Bibi Opal, magharibi mwa Baltimore, na dirisha la chumba cha mzee tunayemwita Reli liko nyuma yake kabisa. Ukinyoosha mkono unaligusa. Kila Jumamosi mimi hukaa hapo pembeni na mwanangu, tukisubiri nguo zikauke. Reli alikuwa mpishi wa treni miaka thelathini. Alianguka akavunjika nyonga, akapelekwa kwenye makao ya kuuguzia wazee kwa wiki tatu. Wiki tatu zimekuwa miezi kumi na minne. Pazia lake halijafunguliwa tangu siku ile, wala Bibi Opal hajakipangisha chumba, ingawa wanaokitaka humgongea kila wiki. Jumamosi hiyo alitoa birika la kahawa kama kawaida, na wazee wakaanza: Jaji, aliyefagia mahakama miaka ishirini na sita, na Shemasi wa kanisa la pale kona.

— Juzi kule makaoni wamemfanyisha Reli mtihani wa kukaanga yai, alisema Jaji. Yai! Watu watatu wamesimama na makaratasi.

— Reli? Shemasi aliruka. Aliyekuwa akiwakaangia abiria arobaini, treni iko kwenye kona?

— Huyo huyo. Asipolikaanga vizuri, harudi kwake.

— Akafanyaje?

— Akawauliza wanalitaka la aina gani. Wakaandika kwamba amechanganyikiwa.

Bibi Opal alilitua birika kwa kishindo.

— Mtu mzima na akili zake! Mimi mwaka huu nimeunguza sufuria mbili, mbona sijafungiwa?

— Punguza sauti, Bibi Opal, wasije wakasikia.

— Sheria iko wazi, alisema Jaji. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Reli kawa mgeni mwaka na zaidi. Jembe lake liko wapi?

— Unataka akalime, na nyonga ile?

— Nasema kisheria, bwana!

— Sheria gani! Wanamtaka kwa sauti yake. Ile besi. Krismasi wameimba naye kule, wakayashinda makao yote ya jiji. Sasa wamwachie?

— Fikiri mbali, Shemasi. Reli amewapakulia wakubwa. Kuna behewa zima lilipotea mwaka sabini na tisa, na anayejua lilikozikwa ni yeye peke yake.

— Behewa linazikwaje?

— Ndiyo hiyo siri wanayoogopa ataitoa!

Bibi Opal hakucheka.

— Shida ni moja. Hana wa kumsimamia.

— Hana? Jaji alisimama kabisa. Na sisi ni nani? Miaka kumi na tisa tuko hapa! Mvua, jua, theluji, kila siku ya Mungu, saa mbili asubuhi haijatufikia nyumbani!

— Amina, alisema Shemasi.

Msichana mmoja alikuwa anatoka mlangoni kwa Reli, koti limejaa vumbi la ukuta, mkononi ana bisibisi.

— Shikamooni. Naitwa Latrice, ninatoka shirika linalowarudisha wazee majumbani. Ninyi ndio rafiki zake? Kaniambia nitawakuta.

— Mwambie yai alilikosea nini! Jaji alifoka.

— Hakukosea. Nilikuwepo, mzee. Nililila mimi, na yale waliyoandika nimeyapinga mpaka yakafutwa. Alhamisi anarudi. Vyuma vya kushikia bafuni nimeshafunga, na msaidizi atakuja kila mchana. Limebaki jambo moja tu. Akiamka atafungua pazia. Ikifika saa mbili na bado limefungwa, mtu agonge, na asipojibu anipigie simu. Reli kasema hata nisiulize, ninyi mpo. Niandike jina la nani?

Jaji aliketi tena.

— Kila siku? aliuliza Jaji.

— Kila siku.

— Jumapili mimi niko kanisani, alisema Shemasi.

— Na Januari goti langu... alidakia Jaji.

— Ningeandikwa mimi, alisema Bibi Opal, lakini basi langu hunifikisha saa tatu. Na kila siku nawakuta hawa wameshakaa, wanaliulizia birika.

Jaji alimnyooshea kikombe. Bibi Opal alilichukua birika, akalikumbatia kifuani.

— Kahawa imekwisha.

Nilisikia ikicheza ndani, birika limejaa nusu nzima. Jaji alibaki na kikombe kitupu, amegeukia pazia lile. Latrice alikuwa bado ameshika kalamu.